Nimesachi kyapa (hati ya ardhi) mtandaoni, jina ni safi. Lakini ardhi yenyewe iko wapi?

Dereva_Koboko (mwanzisha uzi)

Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni mtu wa Koboko, naendesha lori Malaba hadi Juba, na familia yangu imepanga Kawempe, Kampala, mwaka wa 6 sasa. Mdogo wangu aliye Juba, mke wangu na mimi tumechanga tununue ploti moja upande wa Matugga, barabara ya Bombo, futi 50 kwa 100, ardhi ya mailo (aina ya umiliki wa Buganda). Bloka alitupeleka tukaiona: kiwanja kitupu, nyasi fupi, nguzo ya umeme iko jirani. Amana tumeshatoa. Salio linatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Nilifanya kile ambacho kila mtu anaambiwa afanye. Niliingia kwenye tovuti ya Wizara ya Ardhi ya Uganda, nikajisajili, nikaandika kaunti, namba ya bloku na namba ya ploti, nikapewa namba ya malipo, nikalipa 10,000 kwa simu. Majibu yalikuja bila kupanga foleni na bila kumbembeleza karani yeyote. Mwenye kyapa ni yule yule aliyetuonyesha kitambulisho. Rehani ya benki hakuna. Kaveti (zuio la kuuza) hakuna. Ukubwa hekta 0.046. Mke wangu alishukuru Mungu usiku huo.

Siku mbili baadaye nilikuwa na safari ya kupitia Wakiso, nikaingia ofisi ya kanda ya wizara nikaomba kodineti za kona za ploti ile. Nikalipia, nikapewa. Nikaziingiza kwenye ramani ya simu. Kona zote nne zikaangukia bondeni kwenye mafunjo, mita kama 300 kutoka pale tulipokanyaga!

Nimempigia bloka, anasema simu yangu ndiyo mbovu. Nimempigia mwenye kyapa, anasema ardhi yake anaijua. Wenye ujuzi, naombeni msaada. Pesa hii si yangu peke yangu, na mdogo wangu ameipata kwa shida huko aliko.

Kijana_wa_Mukono

Nafuatilia. Na mimi kuna ploti nailipia kwa awamu, na sijawahi hata kuomba hizo kodineti.

Mama_Ediofe

Pole sana ndugu yetu. Simama hapo hapo, usilipe hata shilingi mpaka ujue. Lakini ngoja niseme neno moja kuhusu hiyo tovuti, kwa sababu wengi watasoma uzi huu waseme mtandao ni uongo mtupu.

Mimi nimewahi kusafiri kutoka Arua hadi Kampala kwa basi la usiku kutafuta faili la ardhi ya marehemu mume wangu. Nilifika ofisini nikaambiwa faili halionekani, nirudi wiki ijayo. Nikarudi. Likawa bado halionekani. Safari ya tatu lilionekana, na kurasa mbili hazikuwepo. Leo tuna ofisi ya kanda hapa hapa Arua, wenzetu wana ya kwao Gulu, Lira, Mbale, Mbarara na kwingine, na karani anafungua kompyuta anaona kile anachoona mwenzake wa Kampala. Mama mjane leo halali kwenye sakafu ya kituo cha basi kwa ajili ya karatasi moja. Hilo lisisahaulike.

Sevea_Mstaafu

Mwanangu Dereva, salamu. Nimepima ardhi nchi hii tangu enzi za mnyororo na tiodolaiti, kwa hiyo niruhusu niandike kwa kirefu.

Kwanza jibu swali hili: hayo mafunjo yako upande gani wa ploti mliyoonyeshwa? Kama ni kaskazini, yakivuta kidogo kuelekea magharibi, basi bloka hajakosea sana kulaumu simu, ingawa hajui kwa nini.

Sababu ni hii. Vipimo vya ardhi vya Uganda vimejengwa juu ya msingi unaoitwa Arc 1960, ambao unatumia umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. Ndivyo zilivyo hata ramani za zamani za Entebbe, zile za kipimo cha 1:50,000. Simu yako haijui lolote kati ya hayo. Simu, kama ilivyo GPS yote, inatumia msingi wa WGS84. Misingi hiyo miwili haikuweka kitovu cha dunia mahali pamoja, kwa hiyo namba ile ile ikisomwa kwa msingi huu inaonyesha mahali hapa, ikisomwa kwa ule inaonyesha pengine. Hapa kwetu tofauti ni kubwa: ukizitia namba za Arc 1960 kwenye ramani ya simu bila kuzigeuza, zinakutupa mita kama 300 kaskazini na mita kama 80 magharibi. Tazama sasa, ni ile ile 300 yako.

Nimeona ndugu wakipelekana polisi kwa sababu ya mita hizo 300. Nimeona mtu amemwaga mchanga na matofali kwa jirani. Ofisi inatoa namba, mwananchi anazichukua, na katikati hakuna anayemwambia ni namba za msingi upi. Kwa maoni yangu karatasi yoyote yenye kodineti inayotoka ofisini ingeandikwa msingi wake kwa herufi kubwa, juu kabisa.

Na kuna la pili kwa wale wa kusini na magharibi. Nchi yetu inakatwa na ikweta pale Kayabwe na pale Kasese, na longitudo ya 30 inapita huko huko magharibi, karibu kabisa na Kabale. Kwa hiyo Uganda ina vipande vinne vya gridi ya UTM, yaani miraba ya ramani inayoigawa dunia kwa kanda. Mtu wa Kisoro akichagua kipande cha Kampala kwenye programu ya simu, ploti yake itaruka maelfu ya kilomita. Usiwe na haraka ya kusema umeibiwa, wala usiwe na haraka ya kusema uko salama.

Sasa fanya hivi: tafuta programu inayogeuza kutoka Arc 1960 kwenda WGS84, kipande cha Kampala, yaani kanda ya 36 kaskazini, uingize tena. Simu itakuwa na makosa ya mita 5 hadi 10, hiyo ni kawaida yake. Kisha utuambie zimeangukia wapi.

Dereva_Koboko

Mzee wangu, ahsante sana. Ni kweli kabisa, mafunjo yako kaskazini, na ukisimama kwenye ploti yanakuwa kidogo mkono wa kushoto. Sikuwahi kusikia hilo jambo la misingi miwili maisha yangu yote. Kesho niko Kampala, nitafanya kama ulivyosema.

Mzee_Maracha

Wanangu, mimi nina swali la huku kwetu. Kijana mmoja mwenye suti alikuja kijijini na tableti akasema ametafuta ardhi yetu kwenye mfumo wa serikali na haina mwenyewe. Alisema hivyo mbele ya wazee. Ardhi hiyo baba yangu amezikwa humo, na babu yangu, na mipaka tunaijua kwa miti na kwa mkondo wa maji. Je, kweli kompyuta ya serikali inaweza kusema ardhi ya ukoo haina mwenyewe?

Karani_Gombolola

Baba, shikamoo. Niruhusu nikujibu, kwa sababu kazi yangu iko kwenye hayo hayo.

Huyo kijana amewadanganya, au yeye mwenyewe hajui anachokisoma. Mfumo wa wizara unaonyesha ardhi yenye kyapa. Ardhi ya kimila, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya nchi hii na karibu yote ya kaskazini, haikuwahi kuandikishwa humo, kwa hiyo ukiitafuta utapata ukurasa mtupu. Ukurasa mtupu maana yake ni kwamba hakuna kyapa, basi. Katiba ya 1995 inataja namna nne za kumiliki ardhi: kimila, frihold (kumiliki bila kikomo), mailo na lisi (kukodi kwa muda). Ya kimila inalindwa na sheria kama zile nyingine tatu, iwe na karatasi au isiwe nayo.

Ukitaka karatasi, Sheria ya Ardhi ya 1998 imeweka Cheti cha Umiliki wa Kimila, wengi wanakiita CCO. Mnaomba gombololani (ofisi ya kaunti ndogo) kwetu. Kamati ya ardhi ya eneo inakuja kijijini, inatembea mpaka pamoja na majirani wote, inasikiliza anayepinga, inaandika. Taarifa inapelekwa bodi ya ardhi ya wilaya, ikikubali, cheti kinatolewa huku huku gombololani. Siku hizi baadhi ya wilaya hutumia tableti kuchora mpaka huku watu wakiutembea, na jambo hilo ni zuri, mradi wanaoutembea ni wenye ardhi na majirani zao. Mtu mmoja mwenye suti hawezi kuwachorea mpaka akiwa amekaa ndani ya gari.

Na nawaomba kwa moyo wote: kwenye fomu waandikwe na wanawake. Nimeona vyeti vingi vyenye jina la kaka mkubwa peke yake, na baada ya miaka michache mke wa marehemu ndugu yake anafukuzwa na karatasi ile ile tuliyoitoa sisi. Naumia kila ninapoiona. Jina la mke, majina ya mabinti, yaandikwe siku ile ile ya kwanza.

Mzee_Maracha

Marahaba mwanangu. Nimepiga chapa maneno yako, nitayasoma kwenye kikao cha ukoo Jumapili. Huyo kijana hatutamruhusu kurudi bila mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na wazee kuwepo.

Binti_Bombo

Salaam aleikum. Naomba na mimi niingie, samahani Dereva kwa kukuvamia uzi. Babu yetu, Mnubi wa hapa Bombo, aliacha kyapa cha karatasi cha zamani. Nimesachi mtandaoni, jina lake bado lipo. Wajomba wanasema kwa kuwa jina lipo, ardhi iko salama, tuache kama ilivyo.

Sevea_Mstaafu

Waaleikum salaam binti yangu. Jina la marehemu kubaki kwenye rejesta ni mlango ulioachwa wazi. Nendeni kwa Msimamizi Mkuu wa mirathi, yule wa Wizara ya Sheria, mpate barua ya kutokuwa na pingamizi, kisha mahakamani mpate mamlaka ya kusimamia mirathi. Ukiwa nayo, ofisi ya kanda inaandika jina la msimamizi, kisha ndipo mgawane. Wakati mnasubiri, mrithi yeyote anaweza kuweka kaveti ili mtu asije akauza nyuma ya migongo yenu. Na hicho kyapa cha karatasi kitunzeni vizuri, kikipotea mtahangaika na matangazo ya gazeti la serikali kabla ya kupewa kingine.

Kijana_wa_Mukono

Wakuu, swali dogo kuhusu ukubwa. Dereva amesema kyapa kinasoma hekta 0.046. Mimi niliuziwa "desimali 12 na nusu", futi 50 kwa 100. Ni kitu kimoja?

Sevea_Mstaafu

Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Hiyo ni hekta 0.0465 hivi, na kwa desimali ni 11 na nusu, kwa kuwa eka moja ni desimali 100. Kwa hiyo anayekuuzia futi 50 kwa 100 huku akiziita desimali 12 na nusu amekuongezea desimali nzima ya maneno. Lipa kile kilichoandikwa kwenye kyapa kwa hekta.

Dereva_Koboko

Nimerudi. Naandika hapa nikiwa nimekaa kwenye lori, mikono bado haijatulia.

Nimezigeuza zile kodineti. Mafunjo yametoka. Lakini hazikuangukia kwenye kile kiwanja kitupu tulichoonyeshwa. Zimeangukia mita kama 60 chini yake, upande wa kusini, kwenye shamba la matoke. Nilikwenda hadi pale kwa miguu. Kuna nyumba ndogo ya mabati, na nyuma yake makaburi mawili yaliyosakafiwa saruji. Mama mzee alikuwa anamenya matoke mlangoni. Nilimsalimu tu nikaondoka, sikujua niseme nini.

Mzee wangu, mita 60 ni makosa ya simu?

Sevea_Mstaafu

Hapana mwanangu. Mita 60 si ya simu.

Sasa acha programu, tafuta sevea aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili ya Masevea, mwenye cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu. Umtafute wewe, umlipe wewe, asiwe yule wa bloka. Afungue mipaka mbele ya mwenye kyapa, mwenyekiti wa LC1 na majirani wote, na mama huyo awe wa kwanza kualikwa. Sevea atatafuta mawe ya mpaka ya asili ardhini, yale yenye namba. Ramani zilizo kwenye kompyuta zilichorwa kutoka kwenye karatasi za zamani, na kosa lililokuwa kwenye karatasi liliingia nalo. Jiwe lililofukuliwa mahali pake ndilo linalomaliza ubishi.

Mama_Ediofe

Na makaburi, Dereva. Tafadhali uliza ya nani na ya mwaka gani.

Karani_Gombolola

Mama Ediofe ameshika penyewe. Sisi wa kaskazini hatujazoea mambo ya mailo, kwa hiyo nieleze kidogo. Mailo ilitokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, watu waligawiwa maili za mraba, na ndani ya maili hizo tayari kulikuwa na watu wanaolima. Ndiyo maana leo ardhi moja inaweza kuwa na mwenye kyapa na mwenye kibanja (aliyekaa na kulima juu yake) kwa pamoja, wote wawili na haki zao. Sheria inamlinda aliyekaa na kuitumia ardhi miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila mwenye ardhi kumpinga. Analipa busuulu (kodi ya mwaka kwa mwenye kyapa), na hafukuzwi kwa sababu ardhi imebadili mwenye kyapa. Ukinunua kyapa unakinunua pamoja na mtu aliyeko juu ya ardhi hiyo.

Na sasa sikia jambo linalohusu uzi huu. Mwenye kibanja hayuko kwenye majibu ya sachi. Umelipa 10,000, umeambiwa hakuna rehani, hakuna kaveti, na kila neno ni kweli. Mama anayemenya matoke mlangoni hakuandikwa. Ni sawa na ardhi ya Mzee wetu wa Maracha: rejesta haimwoni, lakini yupo, na sheria inamwona. Ningetamani siku moja wizara iweke hata alama ndogo tu kwenye majibu yale, iseme ardhi hii ina wakaaji, nenda ukaone.

Dereva_Koboko

Wana jukwaa, siku 9 zimepita, narudisha majibu kama nilivyoahidi baadhi yenu.

Sevea tuliyemtafuta sisi wenyewe alikuja na mashine yake asubuhi. Walikuwepo mwenye kyapa, mwenyekiti wa LC1, majirani wanne, mama mzee na mwanawe. Bloka hakuja, simu imezimwa. Mawe mawili yalipatikana, moja chini ya mzizi wa mti ule wenye majani marefu ambao Waganda huupanda mpakani, mulamula. Mama mwenyewe ndiye aliyetuonyesha, alisema mume wake aliupanda. Jiwe lilikuwa chini yake kweli, likiwa na namba. Ploti ya kwenye kyapa ni pale pale anapokaa mama. Kile kiwanja kitupu tulichoonyeshwa ni ploti nyingine, namba nyingine, na mwenyewe yuko ng'ambo, wala hajasema anauza.

Mwenye kyapa alikasirika kuliko sisi. Alirithi kwa baba yake, hajawahi kukanyaga pale tangu utoto, akamwachia bloka kila kitu. Hakujua mgeni anaonyeshwa kiwanja cha mtu mwingine. Makaburi ni ya mume wa mama na mtoto wao, la mume ni la 1989. Mwenyekiti alifungua daftari, mama ameandikwa pale tangu zamani.

Mwenyekiti akasema jambo ambalo sikulijua: sheria inamtaka mwenye ardhi anayeuza ampe kwanza nafasi aliye na kibanja. Hakuna aliyemuuliza mama. Alikuwa anasikia tu kwamba kuna watu wanapita pita.

Amana yetu inarudi. Nusu tumeipokea pale pale mbele ya LC1, nusu ameandika karatasi ataitoa mwisho wa mwezi, mashahidi wametia saini. Mwana wa mama ni fundi pikipiki Kawempe, mtaa wa pili na kwangu kumbe, ameomba apewe muda wa kutafuta pesa anunue kyapa cha ardhi ya mama yake, na mwenye kyapa amekubali kukaa naye.

Mama_Ediofe

Alhamdulillahi. Mdogo wako wa Juba ameambiwa?

Dereva_Koboko

Nimempigia nikiwa bado shambani. Alinyamaza kwanza, kisha akauliza kama mama alitupa chakula. Nikamwambia ndiyo, matoke na karanga, tulikula sote pamoja na sevea.